Watoto Wenye Vipaji wa New York na Mzigo wa Begi

Mama msomaji, jina la New York likitajwa, wengi wetu hufikiria majumba yanayogusa mawingu, taa za usiku, na ile sanamu ya mwanamke aliyeinua mwenge. Hayo yote yapo. Lakini jiji hilo lina jambo jingine ambalo mgeni halioni kwa urahisi, kwa sababu hufanyika asubuhi na mapema wakati watalii bado wamelala. Ni safari ya watoto wadogo kwenda shule zilizo mbali na kwao, kwa kuwa wamechaguliwa kuwa watoto wenye vipaji.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 nilikaa wiki tatu kwa mdogo wangu anayeishi Bronx, sehemu ya kaskazini ya jiji hilo. Yeye ni muuguzi, mumewe ni dereva wa basi. Wana watoto wawili: binti wa miaka minane aliyekuwa darasa la tatu, na mvulana wa miaka minne. Binti anasoma shule ya vipaji huko Manhattan. Mvulana naye alikuwa ameitiwa nafasi ya kuanza chekechea hapo hapo mwezi wa Septemba, na wazazi walitakiwa kujibu kabla ya siku chache kupita.

"Dada, umekuja wakati mzuri," mdogo wangu aliniambia. "Tembea na huyu binti, uone mwenyewe, halafu tukae tuzungumze. Sisi tumekwisha kuchanganyikiwa."

Basi nikatembea. Haya ndiyo niliyoyaona na niliyojifunza.

Treni ya alfajiri

Siku ya shule katika nyumba ile huanza saa kumi na mbili kasorobo. Chai, mkate wenye siagi ya karanga, nywele kusukwa upya pale zilipofumuka, kisha mbio kuelekea stesheni. Treni namba 1 huanzia hapo karibu, ukingoni mwa Van Cortlandt Park, bustani kubwa yenye msitu, ziwa na viwanja vya michezo. Kwa sehemu hiyo reli haipiti chini ya ardhi bali juu ya nguzo za chuma, usawa wa madirisha ya ghorofa, na ukikaa ndani ya treni unaweza kuona watu wakinywa kahawa majikoni mwao.

Treni ikishavuka Mto Harlem na kwenda mbele kidogo huingia ardhini. Stesheni ya Mtaa wa 191 iko chini kwa karibu meta 55, na katika jiji lote hakuna iliyo chini kuliko hiyo. Abiria hupandishwa juu kwa lifti. Halafu ghafla, ukikaribia Mtaa wa 125, treni hutoka tena kwenye mwanga na kupita juu ya daraja refu la chuma lililoanza kutumika mwaka 1904. Kwa dakika mbili hivi unaiona Harlem yote chini yako, maduka, makanisa na miti iliyochipua, kisha giza tena.

Hapo kwenye mwanga ndipo nilipowatazama vizuri watoto waliokuwa behewani. Walikuwa wengi, wa miaka sita, saba, minane, kila mmoja na begi mgongoni na mtu mzima pembeni. Wachache walitazama nje. Wengine walikuwa na daftari magotini. Mpwa wangu alikuwa akimalizia hesabu alizozisinzilia usiku. Tarakimu zilicheza kwa mtikisiko wa treni, akafuta, akaandika upya, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama mkubwa," akaninong'oneza, "mwalimu atajua kwamba niliandika kwenye treni."

Safari ile huchukua karibu saa nzima. Shule ya mtaani kwao iko umbali wa dakika saba kwa miguu. Nilitaka kujua ni kitu gani kinachomfanya mzazi mwenye akili timamu aipite shule ya dakika saba akaifuata ya saa nzima.

Jinsi wanavyochaguliwa

Shule za serikali za New York zina wanafunzi wanaokaribia laki tisa. Hakuna jiji jingine la Marekani lenye wanafunzi wengi hivyo. Ndani ya shule hizo kuna mpango wa watoto wenye vipaji, nao ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni darasa la vipaji lililo ndani ya shule ya kawaida ya wilaya. Namna ya pili ni shule nzima ya vipaji inayopokea watoto kutoka sehemu zote tano za jiji. Wakati wa ziara yangu shule hizo za jiji zima zilikuwa tano: tatu Manhattan, moja Brooklyn na moja Queens. Bronx, anakoishi mdogo wangu, haikuwa na hata moja.

Hapa kwetu Tanzania tunazo shule za sekondari za vipaji maalum, kama Ilboru, Kibaha na Kilakala. Lakini sisi huchagua mtoto akiwa amemaliza darasa la saba, tayari ana miaka kumi na mitatu hivi na anaweza kufua soksi zake. New York huanza na mtoto wa miaka minne. Kwa miaka mingi mtoto wa umri huo aliketi na mtu asiyemjua na kuulizwa maswali ya mtihani. Aliyepata daraja la 90 katika kila mia aliweza kuomba darasa la wilaya, na kwa shule za jiji zima alitakiwa kufikia 97. Wazazi wenye uwezo walinunua vitabu vya mazoezi na kuajiri walimu wa pembeni, tuisheni ya mtoto ambaye bado hajajua kufunga kamba za viatu!

Januari 2021 baraza la elimu la jiji lilikataa kuongeza mkataba wa mtihani huo. Siku hizi mwalimu wa darasa la awali hutoa maoni yake juu ya mtoto, kisha hupigwa kura. Oktoba mwaka huo huo meya Bill de Blasio alitangaza kwamba ataufuta mpango wote wa zamani. Aliyemfuata, Eric Adams, akaurudisha mwaka 2022, akaongeza nafasi 100 za chekechea na 1,000 za darasa la tatu. Mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala kwa jirani zetu Uganda, alisema katika kampeni yake kwamba angeuondoa kwa madarasa ya mwanzo. Novemba mwaka huo akachaguliwa kuwa meya. Ndivyo ilivyo: mzazi huamua juu ya mtoto wake huku wakubwa wakiendelea kuvutana juu ya kichwa chake.

Ubishi wenyewe una sababu. Watoto weusi na wale wa asili ya Amerika ya Kusini ndio wengi katika shule za jiji hilo, lakini katika madarasa ya vipaji karibu robo tatu ya watoto wamekuwa Wazungu na wale wa asili ya Asia. Katika darasa la mpwa wangu wasichana weusi walikuwa wawili tu. Mdogo wangu alipoitiwa nafasi ile miaka michache nyuma, aliona kwamba mlango ambao wenzake wengi hawakufunguliwa umefunguka kwake. Angewezaje kuufunga? Hilo ndilo jibu la swali langu la safari ya saa nzima.

Mke wa mtu aliyekatazwa kufundisha

Asubuhi moja, baada ya kumfikisha mtoto, nilirudi na treni nikashuka Mtaa wa 125, nikatembea hadi Mtaa wa 126 Magharibi. Nilikuwa nikitafuta jengo namba 514. Lilijengwa mwaka 1902 na Chuo cha Walimu cha Columbia ili liwe shule ya majaribio, likaitwa Speyer. Watu hulipita bila kugeuza shingo. Lakini ukitaka kujua mambo ya watoto wenye vipaji yalianzia wapi katika jiji lile, hapo ni mahali pazuri pa kusimama.

Mwaka 1936 mwanamke aitwaye Leta Hollingworth alianzisha hapo madarasa mawili ya watoto wenye akili nyepesi sana, wa miaka saba hadi tisa. Maisha yake yanatuhusu sisi wake na mama. Alizaliwa Nebraska mwaka 1886, katika nyumba iliyochimbwa ndani ya udongo wa kilima. Mama yake alifariki dunia yeye akiwa mtoto mdogo sana. Akakua, akasoma, akawa mwalimu. Mwaka 1908 alihamia New York ili aolewe, na huko akakuta kwamba mwanamke aliyeolewa haruhusiwi kufundisha katika shule za jiji. Akakaa nyumbani, akapika, akashona, akaandika hadithi ambazo hazikununuliwa. Baadaye alipata nafasi ya kusoma Columbia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1916. Katika utafiti wake alionyesha kwamba siku za mwezi za mwanamke hazipunguzi akili wala uwezo wake wa kazi, jambo ambalo mabwana wakubwa wa wakati ule walilishikilia bila kulipima.

Katika Speyer alifanya hivi. Watoto wake walimaliza masomo ya kawaida kwa nusu ya siku, kwa kuwa walikuwa wepesi. Nusu iliyobaki hakuwarundikia hesabu zile zile mara mbili. Aliwapa kujifunza habari za vitu vya kila siku: chakula, mavazi, nyumba, vyombo vya usafiri, vilianza vipi na vimebadilikaje. Walitafuta vitabuni, wakajadiliana, wakaeleza wenzao. Walijifunza Kifaransa na maisha ya watu mashuhuri. Na katika jengo hilo hilo palikuwa na madarasa ya watoto wanaojifunza polepole.

Kilichonigusa ni hiki: wepesi wa mtoto ulilipwa kwa muda. Alichomaliza mapema kilimpa nafasi ya kujifunza kingine hapo hapo darasani, mchana, pamoja na wenzake.

Hollingworth alichunguza pia urafiki wa watoto hawa. Aliona kwamba wale waliozidi wastani kwa kiasi huelewana vizuri na wenzao na mara nyingi huwa viongozi. Lakini wale wachache wenye akili ya kupita kiasi huwa wapweke. Wanataka michezo yenye kanuni nyingi. Wa rika lao hawaielewi, na wakubwa huwafukuza kwa sababu ni wadogo. Alisema watoto wa namna hiyo wanapaswa kufundishwa kuwavumilia walio wazito kuliko wao, bila dharau na bila uchungu. Alifariki Novemba 1939, akiwa na miaka 53, kabla ya kazi yake ya Speyer kwisha.

Jioni mezani

Sasa twende nyumbani. Mpwa wangu alifika saa kumi na moja jioni, akala, na begi likafunguliwa. Kurasa mbili za hesabu. Kusoma kitabu nusu saa na kuandika muhtasari. Maneno mapya ishirini, kila moja litungiwe sentensi. Na juu ya hayo palikuwa na kazi kubwa ya wiki tatu: kuchagua mnyama, kuandika habari zake kwa kurasa tano na kutengeneza makazi yake ndani ya sanduku la viatu.

Niliangalia saa ya jikoni bila kumwambia mtu. Jumatatu ilikuwa dakika 95. Jumanne dakika 110. Jumatano 80. Alhamisi saa mbili na dakika kumi, na mwisho wake ulikuwa machozi. Wakati wote huo mdogo wake wa miaka minne aliambiwa anyamaze, baba alikula peke yake, na mama alikuwa na kalamu mkononi akisubiri kutia sahihi.

Tabia yake ya kufuta na kuandika upya niliyoiona kwenye treni, ndiyo iliyokula muda. Kazi ya mwenzake ya robo saa, kwake ilikuwa ya dakika arobaini, kwa sababu kila herufi ilitakiwa iwe nzuri. Mtoto aliyezoea kusifiwa kwa kupata yote huogopa kukosa moja.

Je, mzigo huo una faida gani? Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na wenzake, walikusanya tafiti nyingi za Marekani juu ya kazi za nyumbani na kutoa ripoti yao mwaka 2006. Waliona kwamba kwa wanafunzi wa sekondari, wanaofanya kazi za nyumbani hufaulu zaidi. Kwa watoto wa madarasa ya chini uhusiano huo ulikuwa hafifu sana. Kanuni iliyozoeleka Marekani ni dakika kumi kwa kila darasa: darasa la kwanza dakika kumi, la pili ishirini, la tatu nusu saa. Mpwa wangu alikuwa akifanya mara tatu ya hapo, na siku nyingine mara nne.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani, na gazeti la akina mama kama hili lilihusika. Januari 1900 mhariri wa Ladies' Home Journal, Edward Bok, aliwashambulia wazazi wa Marekani kwa kukubali watoto wadogo wachoshwe na masomo ya usiku. Mwaka 1901 jimbo la California likapiga marufuku kazi za nyumbani kwa watoto walio chini ya miaka 15. Upepo uligeuka mwaka 1957, Warusi waliporusha Sputnik angani. Wamarekani waliona wameachwa nyuma, na mwaka uliofuata serikali yao ikatoa sheria ya fedha za elimu, zikiwemo za kuwatafuta watoto wenye vipaji. Mabegi yakaanza kujaa tena. Tangu hapo hofu ya taifa kuachwa nyuma imekuwa ikiteremka, ngazi kwa ngazi, mpaka mezani kwa mtoto wa miaka minane.

Rafiki anayekaa mbali

Nisiseme upande mmoja tu. Shule ile ilimfaa mpwa wangu kwa jambo kubwa. Katika chekechea ya kwanza alikuwa akichekwa kwa maswali yake mengi. Katika darasa la vipaji hakuna anayemcheka. Alipata rafiki anayependa ramani kama yeye, na wawili hao wamechora nchi yao wenyewe, yenye mito, stesheni na sheria. Nikiwasikiliza wakizungumza kwa simu, niliona furaha ambayo mtoto huipata pale anapoeleweka.

Tatizo ni kwamba rafiki huyo anakaa Queens. Ili wacheze pamoja, mama wawili hupanga siku kwa simu wiki tatu kabla, mmoja anabadilisha zamu kazini, kisha ni treni mbili na basi. Na chini ya ghorofa ya mdogo wangu, kila jioni, watoto wa jengo hilo huruka kamba na kuendesha baiskeli. Mpwa wangu huwatazama kutoka dirishani. Siku niliyomshusha chini alisimama pembeni. Hakujua wimbo wa kamba wala zamu. Msichana mmoja akasema, bila ubaya, "Huyu ni wa Manhattan."

Jambo la pili nililisikia jioni moja tukikunja nguo. "Mama mkubwa," akasema, "unajua mimi ndiye mjinga wa darasa letu?" Huyu ni mtoto anayesoma vitabu vya darasa la tano! Nilimuuliza nani kamwambia. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amehesabu mwenyewe: wanaomaliza kabla yake ni wangapi.

Wataalamu wanalijua hilo. Herbert Marsh, mtafiti aliyefanya kazi Australia, alieleza pamoja na mwenzake mwaka 1984 kwamba mtoto hujipima kwa wale anaowaona karibu naye. Mtoto yule yule akiwekwa kati ya wa kawaida hujiona mwerevu. Akiwekwa kati ya waliochujwa hujiona mzito, ingawa akili yake haikupungua hata punje. Mzazi anayefurahia jina la shule huenda asijue kwamba ndani ya shule hiyo mwanawe amejipa namba ya mwisho.

Ipo pia shida ya zile shule zenye darasa la vipaji ndani ya shule ya kawaida. Watoto wa mtaa mmoja huingia mlango mmoja, kisha hugawanyika kwenye korido. Kundi moja huweza kukaa pamoja kutoka chekechea hadi darasa la tano. Hata pakiwa hapana kibao mlangoni, watoto wote hujua ni darasa lipi linaloitwa la wenye akili, na hivyo hujua pia jina la lile jingine ambalo halitajwi.

Walivyoamua

Kwanza mdogo wangu aliomba kuonana na mwalimu. Alikwenda na karatasi niliyoandika muda wa kila siku. Mwalimu alishangaa. Kazi zile, alisema, zilikusudiwa dakika arobaini. Wazazi wengine walikuwa kimya, kila mmoja akidhani ni mtoto wake peke yake anayechelewa, na kwamba akisema ataonekana hastahili nafasi. Wakapatana: dakika arobaini kwa saa ya jikoni, kisha mama achore mstari na kuandika "tumeishia hapa", atie sahihi. Kusoma kufanyike kwenye treni wakati wa kurudi. Asubuhi ni ya kutazama nje.

Swali la mvulana lilikuwa gumu zaidi. Mdogo wangu aliona kwamba kumkatalia mmoja alichopewa mwingine ni upendeleo. Mumewe alinyamaza siku mbili, halafu akasema mezani: "Huyu wa pili tumpe miaka mitatu ya kutembea kwa miguu. Darasa la tatu mlango upo. Tukitaka, tutagonga." Walizungumza mpaka usiku. Asubuhi wakaandika kwamba hawaichukui nafasi, na mdogo wangu alilia kidogo alipobonyeza kutuma. Nafasi ile iliwahi kuwa ndoto yake.

Binti walimwacha shuleni kwake, kwa sababu ya rafiki wa ramani na kwa sababu mwenyewe aliomba kubaki. Lakini Jumamosi yote ikawa ya chini ya ghorofa, pasipo daftari.

Mwaka mmoja baadaye nilipiga simu kuuliza hali. Mvulana anakwenda shule kwa miguu na anajua jina la kila mbwa wa njiani. Kuna siku huchoka kusubiri wenzake kwenye somo la kusoma, na mama amemwomba mwalimu ampe vitabu vya darasa la juu. Binti bado anasema yeye si wa kwanza. Ila siku hizi kamba anairuka.

Na sisi je?

Mama mwenzangu, usiseme hayo ni ya New York. Nasi tuna watoto wanaopanda basi la shule kabla jua halijachomoza na kurudi lilipokwisha kuzama, kisha tuisheni, kisha daftari. Mtoto akionekana mwepesi, furaha yetu hugeuka haraka kuwa ratiba. Haraka haraka haina baraka, na hasa kwa mtoto ambaye meno ya utoto bado hayajang'oka. Haya machache yatakusaidia kupima:

1. Pima muda wa kazi za nyumbani kwa wiki moja, uandike. Ukimwendea mwalimu na hesabu, mtazungumza. Ukimwendea na lawama, mtagombana.

2. Angalia ni kazi ngumu au ni kazi nyingi tu. Mtoto mwepesi anahitaji jambo jipya la kufikiri. Kumpa hesabu arobaini za aina ile ile aliyokwisha kuielewa ni kumwadhibu kwa wepesi wake.

3. Uliza: rafiki yake anakaa wapi? Kama hakuna hata mmoja anayeweza kumfikia kwa miguu, mtafutie wakati na watoto wa jirani, na uulinde kama unavyolinda saa za masomo.

4. Sifu juhudi na uvumilivu. Mtoto anayeitwa "kichwa" kila siku ataogopa swali gumu, maana likimshinda atakuwa amepoteza jina lake.

5. Msikilize anavyojisema mwenyewe. Neno "mimi ni mjinga" likitoka kinywani mwa mtoto anayefaulu, lina uzito kuliko ripoti ya shule.

6. Usimsahau yule mwingine, asiyeitwa mwenye kipaji, aliyeambiwa anyamaze ili mwenzake asome. Naye anahesabu.

7. Amueni pamoja, baba na mama, na mtoto akiwa mkubwa kiasi aulizwe. Nafasi ikikataliwa leo, haina maana mtoto amepotea. Na ikikubaliwa, haina maana kazi ya wazazi imekwisha.

Akili ni mali, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mali huhitaji mahali pa kukaa, na mahali pa akili ya mtoto wa miaka minane ni mwili uliolala vya kutosha, tumbo lililoshiba bila haraka, na rafiki wa kugombana naye na kupatana naye kabla ya magharibi.